Siku Thelathini za Kurudi Nyuma

Ukitaka habari za mji usihangaike na gazeti. Nenda kakae kwenye ule ubao mrefu uliopigiliwa ukutani, kati ya karakana ya seremala na kibanda cha fundi simu, mkabala na geti la ofisi ya makaburi. Kila asubuhi kabla ya kazi utawakuta wale wale. Yupo Misumari, seremala wa vitanda na majeneza, anayejua methali zote na hajui hata moja inaingia wapi. Yupo Profesa, fundi simu, aliyesoma kompyuta miezi mitatu enzi hizo na tangu siku ile hajawahi kutamka neno "sijui". Yupo Pindo, mshonaji, mwanamume aliyefiwa na mkewe, mtu wa maneno machache. Na yupo Karani wa hiyo ofisi ya ng'ambo ya barabara, na huyo ndiye tutakayekuwa naye leo, maana wenzake walikuwa na maneno na yeye alikuwa na mzigo. Kahawa anamimina Mama Birika, vikombe vidogo, na ulimi wake unaunguza kuliko birika lenyewe.

—Meno thelathini na mbili! alisema Misumari, hata kukaa hajakaa. Nimeyaona kwa macho yangu haya. Mzee wa watu alikufa ana miaka themanini na ushei, hana jino hata la kusingizia, uji anaupuliza halafu anaumeza. Jana wanawe wamemfukua, taya limejaa meno tele, meupe, hayana hata pengo.

—Wewe ulipeleka jeneza au ulikwenda kukagua vinywa? aliuliza Mama Birika.

—Nilipeleka jeneza, Mama. Lakini mpanda ngazi hushuka.

—Hiyo nayo inaingiaje hapo?

—Inaingia tu. Basi mke wa marehemu, bibi wa watu, kachungulia mara moja, akasema, "Huyu siye." Mtoto wa kwanza akamwambia, "Mama, namba ni namba, na karatasi ina muhuri." Wakambeba. Wakamzika upya na machozi wakamlilia. Mgeni njoo, mwenyeji apone!

Mama Birika alimtazama kwa jicho lile la kumwambia mtu anyamaze, lakini Misumari hajawahi kulielewa. Karani alipeleka kikombe mdomoni, akakuta ni kitupu, akakishusha taratibu ili asionekane.

Ngoja nikueleze, usije ukapotea. Miaka kumi nyuma uliingia mwaka wa maradhi. Watu walikufa mfululizo, na baraza la mji likakataza ndugu kuzika watu wao. Wafanyakazi wa baraza ndio waliozika, wamevaa mavazi ya kuwafunika mpaka macho, na ndugu wakasimama nje ya uzio wa waya. Makaburi mia tatu themanini na sita. Hakuna lililoandikwa jina, kila moja liliwekewa kigae cha saruji chenye namba, basi. Jina na namba vikaandikwa kwenye daftari moja kubwa, safu mbili, huku namba, huku jina, kwa haraka, maana lori lilikuwa likirudi tena. Kisha uzio ukapigwa kufuli miaka kumi. Sasa kufuli limefunguliwa kwa sababu barabara mpya inapita pale. Kila familia imeambiwa ije ofisini kwa Karani, ipewe namba yake, imfukue mtu wake na kumhamishia makaburi mapya. Mwisho ni Ijumaa. Jumamosi linaingia katapila. Siku ninayokusimulia ilikuwa Jumatano.

—Mimi nawaambia ni ule udongo, alisema Misumari. Pale zamani palikuwa na bustani ya baraza. Udongo una mbolea ile. Miaka kumi mtu kalala kwenye mbolea, jino lishindwe kuota?

—Loh! alisema Mama Birika. Basi tukuzike wewe uote akili.

—Hamjui kitu, alisema Profesa, akaweka bisibisi yake chini, maana Profesa hawezi kusomesha akiwa ameshika kitu. Tatizo si udongo. Tatizo ni wingu. Zamani majina yalikaa kwenye daftari. Sasa yako kwenye kompyuta, na kompyuta haikai nayo, inayapandisha juu, kwenye wingu. Mwezi uliopita mvua ilikuwaje?

—Ilinyesha.

—Ilinyesha sana! Sasa wewe fikiri. Majina mia tatu na kitu yamekaa juu, upepo unavuma, radi inapiga. Yatashukaje kwa mpangilio ule ule?

—Kwa hiyo majina ya watu yametunyeshea? aliuliza Mama Birika.

—Kitaalamu, ndiyo.

—Ah, wapi! Misumari alidakia. Ingekuwa mvua tungeokota hata moja. Mimi naona wamehama wenyewe. Maiti aliyezikwa bila kuagwa hatulii. Yuko pale chini, huku kulia mtu hamjui, huku kushoto mtu hamjui. Si atasogea atafute jirani? Miaka kumi, kidogo kidogo, nusu shubiri kwa mwaka. Haba na haba hujaza kibaba.

—Virusi, alisema Profesa. Kama si wingu ni virusi. Kuna virusi vinakula namba, kuna vinavyokula majina. Hivi vimekula majina, vimeyatema pasipo pake. Na havikuja vyenyewe. Kuna mtu yuko nchi ya mbali, amekaa kwenye kiti cha kuzunguka, kazi yake ni kuvuruga makaburi ya watu ili koo zisijuane. Ukishamvuruga mtu asijue babu yake kalala wapi, unaweza kumuuzia chochote.

—Kama nini?

—Data.

—Data za mifupa?

—Ndizo ghali kuliko zote, Mama.

Wangecheka, na siku nyingine Karani angekuwa wa kwanza kucheka mpaka ajishike mbavu. Leo alicheka kwa meno tu. Alikuwa anamwona Pindo anavuka barabara, kifurushi kwapani, amevaa shati la pasi.

—Habari za asubuhi, jamani, alisema Pindo.

—Nzuri, kaka. Mbona umependeza, unaposa? aliuliza Mama Birika.

Pindo alitabasamu. Kijiwe kizima kiligeukia lile tabasamu, kwa sababu walikuwa hawajaliona siku nyingi. Akakaa kando ya Karani, akafungua kifurushi magotini. Kilikuwa kitambaa cha buluu, kipana, kimepindwa kingo zote nne kwa mkono, mishono midogo sawasawa, hakuna mmoja uliompita mwenzake.

—Kesho ni zamu yangu, alisema. Nimeona mke wangu nisimfunge kwenye kitu cha dukani. Buluu ndiyo aliyokuwa anaipenda. Nimepinda kwa mkono, cherehani nimeiweka kando.

—Umeshona wiki nzima? aliuliza Mama Birika, sauti yake imeshuka.

—Siku tisa. Sikuwa na haraka. Mnajua siku ile nilisimama nje ya uzio. Lori likaja, wakaanza kushusha. Mifuko ya maiti, yote rangi moja. Nikauliza, "Jamani, wangu yupi?" Hakuna aliyenisikia, wamejifunika masikio. Nikaona nitakosa hata kumuaga. Basi nikachagua mfuko mmoja, wa tatu, nikasema huyu ndiye, nikampungia mkono. Labda nilimpungia mke wa mtu. Miaka kumi nalala na jambo hilo. Sasa kesho nitamshika mwenyewe.

Akamgeukia Karani.

—Mia mbili kumi na nne, siyo, ndugu yangu? Ulinipa wewe mwenyewe kwa mkono wako.

—Ndivyo ilivyoandikwa, alisema Karani.

Alisikia sauti yake mwenyewe imetoka kama ya mtu aliyebanwa na mlango. Ndivyo ilivyoandikwa! Hakusema uongo, na huo ndio uliokuwa uongo wake mkubwa.

Maana Karani alijua. Kijiwe kizima kilikuwa kinapeleleza mawinguni na nchi za mbali, na mwenye jambo alikuwa amekaa katikati yao ameshika kikombe kitupu. Miezi minane alikuwa amelinakili lile daftari kwenye kompyuta, kwa vidole viwili, jina kwa jina, na hakukosea hata herufi; hilo mpe haki yake. Kisha mkuu wa ofisi akataka orodha ianzie A iishie Z, ipendeze macho ya wageni siku ya kuzindua "ofisi isiyo na karatasi". Karani akaichagua safu ya majina, ile peke yake, akabonyeza kitufe cha kupanga. Mashine, kwa adabu zake, ikamuuliza swali refu kwa lugha ya mashine. Karani alikuwa na kanuni moja tu ya kuishi na mashine, nayo aliitoa kwa karani wa ofisi nyingine: ikikuuliza, jibu ndiyo. Akajibu ndiyo. Majina yakajipanga kama wanafunzi mstarini. Akafurahi mpaka akamwita mkuu aje aone. Namba hazikujongea. Zilibaki pale pale zilipokuwa, moja, mbili, tatu, na kila moja ikapata jina la jirani, la mgeni, la yeyote. Akasevu. Akaichomeka ile flashi aliyotunzia nakala ya zamani ili nayo ipate hii mpya nzuri. Mashine ikamuuliza kama kweli anataka ile ya zamani ifutike. Akajibu ndiyo.

—Lakini hebu, Profesa, Misumari alikuwa anasema, acha mawingu. Mtu akivuruga kitu kwenye kompyuta, hakirudi?

—Kinarudi! Profesa alinyanyuka kabisa. Hapo sasa umeniuliza swali la kitaalamu. Mashine za ofisi siku hizi hazisahau. Ukigusa herufi moja, inaandika: nani kagusa, siku gani, saa ngapi, palikuwa na nini kabla. Inaitwa historia. Unaifungua, unachagua siku, unasema nirudishe hapa. Inakurudisha. Faili linakuwa kama lilivyokuwa siku ile, kana kwamba hakuna aliyeligusa.

—Inarudi nyuma mpaka lini? aliuliza Pindo. Alikuwa anakikunja kitambaa chake, hakuinua uso.

—Siku thelathini.

—Nilidhani utasema miaka kumi.

Mama Birika akammiminia kahawa, akaijaza mpaka ukingoni.

—Siku thelathini si haba, aliendelea Profesa, ambaye kimya kinamwasha kama upupu. Hata mjinga wa mwisho, siku thelathini zote, si atashtuka? Nipeni dakika tano na ile mashine. Karani, twende hapo ofisini kwako sasa hivi, nikuoneshe nani kavuruga.

—Haitafaa, alisema Karani.

—Kwa nini isifae? Nakwambia dakika tano!

—Haitafaa, Profesa. Zimepita.

—Zimepita nini?

—Siku.

Misumari aligeuka. Mama Birika akaliweka birika chini. Karani alitaka kuanzia mbali, kwenye miezi minane na vidole viwili, ili wapate kumhurumia kabla hawajamjua. Lakini alimwona Pindo amekishika kile kitambaa kwa mikono miwili, na maneno yakatoka yenyewe bila mpango.

—Ni mimi. Si virusi, si mvua. Nilipanga majina, namba zikabaki. Majina yote mia tatu themanini na sita. Hakuna hata moja lililo mahali pake, au kama lipo, ni kwa bahati, na sijui ni lipi.

—Unasemaje? aliuliza Pindo.

—Nasema mia mbili kumi na nne si yake, ndugu yangu. Ni ya mtu. Sijui wa nani.

Misumari alimwinamia Karani.

—Na daftari? Si lipo daftari?

—Tulilichoma. Siku ya uzinduzi. Mkuu alisema ofisi isiyo na karatasi haiwezi kuwa na daftari lenye mavi ya panya. Tukapigwa picha. Mimi ndiye niliyeshika kiberiti.

—Usiache mbachao kwa msala upitao, alisema Mama Birika polepole. Watu wazima na akili zenu, mkawaua watu mara ya pili.

—Nakala? aliuliza Profesa.

—Niliifuta kwa mkono wangu. Iliniuliza, nikasema ndiyo.

—Subiri, subiri, alisema Profesa, na safari hii hakuwa anasomesha. Ulijua lini? Si umejua jana, kwa yale meno?

Hapo Karani akatamani ardhi ipasuke. Kukosea kila mtu anakosea. Swali alilokuwa analiogopa ndilo hili.

—Kaburi namba moja, alisema. Mji mzima unajua namba moja ni ya yule muuguzi, ndiye aliyekufa wa kwanza. Nikaiona orodha inasema namba moja ni mwanamume, jina lake linaanza na A. Nikaelewa pale pale. Nilikaa nikatoka jasho mpaka shati likagandana na kiti.

—Lini, Karani?

—Siku ya kumi na saba tangu nisevu.

Profesa alihesabu kwa vidole. Wote walimwona anahesabu, na wote walikuwa wameshamaliza kabla yake.

—Ulikuwa na siku kumi na tatu, alisema. Kumi na tatu! Kitufe kimoja! Na mimi nimekaa hapa hapa, hatua thelathini kutoka mezani kwako! Kwa nini hukuniita?

—Sikujua kama inarudi. Nilidhani ikishakwenda imekwenda. Na nikaona haya. Miaka ishirini na mbili nimekaa pale, mkuu ananisifu mbele ya wageni, niseme sijui kitu ninachokifanya? Nikajiambia nitapata njia mwenyewe. Nikawa nafungua lile faili kila siku, nalitazama, nalifunga. Mpaka nikaja kukuuliza. Unakumbuka? Nilikwambia kuna rafiki yangu mmoja kavuruga orodha ya wanakwaya.

—Nakumbuka, alisema Profesa. Nilikwambia thelathini.

—Ilikuwa siku ya arobaini.

Profesa alikaa. Akaiokota bisibisi yake.

—Haya! Mama Birika alipasuka. Umeona haya! Haya hiyo ungeiweka mfukoni siku moja tu, ukaitoa kesho yake! Watu wanafukua, wanabeba, wanazika, wanarudi nyumbani wanasema sasa tumepumzika, na wewe unawagongea muhuri! Ulikuwa unawatazamaje machoni?

—Sikuwa nawatazama, Mama.

Mama Birika akamnyang'anya kikombe. Hakukiosha wala hakukijaza, alikitia tu kwenye ndoo.

—Lakini kuna njia, alisema Misumari, anahangaika, mikono inatafuta kitu cha kushika. Lazima iwepo. Daftari liliandikwa kwa mfuatano, si ndiyo? Aliyetangulia kufa ana namba ndogo. Basi tuulize kila mtu wake alikufa lini, tupange upya!

—Nimejaribu, alisema Karani. Nimekwenda hospitali. Wao waliandika siku ya kufa. Lori lilikuwa linangoja lijae. Kuna waliokaa siku moja, kuna waliokaa nne. Wa Pindo nimemtafuta wa kwanza kabla ya wote. Nimefika mahali naweza kusema yuko kati ya mia moja sitini na mia mbili arobaini. Zaidi ya hapo siwezi.

—Themanini, alisema Pindo.

—Themanini na mmoja.

—Tufukue wote themanini na mmoja!

—Thelathini na sita wameshachukuliwa, Misumari. Wameshazikwa kwa majina mengine. Na tukifukua waliobaki tutamjuaje? Ni mifupa. Walizikwa na mifuko, hata nguo hawakuachiwa.

—Maji yakimwagika hayazoleki, alisema Misumari, na safari hii ilikuwa imeingia mahali pake, na hakuna aliyemchekea.

Pindo alikuwa bado amekikunja kitambaa magotini. Hakulia. Karani alimngojea amtukane, amkabe, amtemee mate, lolote, angelishukuru. Pindo aliuliza kwa sauti ya mtu anayeuliza kipimo cha suruali.

—Juzi uliponipa ile karatasi. Nilikushukuru?

—Ulinishukuru.

—Nilisemaje?

—Ulisema Mungu akuzidishie.

—Na wewe ukasema?

—Nikasema amina.

Pindo akatikisa kichwa, kama fundi aliyeuona mshono mahali ulipokatikia. Akanyanyuka, akakaa mwisho wa ubao, upande wa pili kabisa, akamwacha Karani na nafasi tupu kando yake.

—Kesho nitakwenda, alisema akiwa huko. Nitamtoa huyo wa mia mbili kumi na nne.

—Pindo, kaka, si mkeo, alisema Mama Birika.

—Nimesikia, Mama. Lakini nisipomtoa mimi atatolewa na katapila. Ni mke wa mtu, au baba wa mtu. Na wangu mimi labda yuko kwa watu saa hii, wamemwita jina silo. Sina la kufanya kuhusu hilo. Sina kabisa. Sikujua kama mtu anaweza kufiwa mara mbili na mtu yule yule.

Akafunika uso kwa kiganja. Mama Birika akaenda akasimama karibu naye, hakumgusa, akasimama tu akimzibia jua.

Hapo ndipo mkokoteni uliposimama mbele ya kijiwe. Aliyekuwa anausukuma alikuwa mwanamke wa makamo, mgeni hapo, amefunga shuka kiunoni, miguu ina udongo mwekundu mpaka magotini. Juu ya mkokoteni palikuwa na jeneza kubwa la mbao mpya, kazi ya Misumari mwenyewe, la mtu mrefu. Ndani yake, kwa kuwa kifuniko kilikuwa kimeegeshwa tu, ulionekana mzigo mdogo uliofungwa kwa kilemba, umelala pembeni, na jeneza lote limebaki tupu.

—Hamjambo. Wameniambia karani wa makaburi huwa anakunywa kahawa hapa.

—Ndiye mimi, dada, alisema Karani, akasimama.

—Mimi ni wa namba themanini na nane. Mume wangu alikuwa mrefu, kitanda kilikuwa kinamwacha miguu nje. Nimefukua tangu alfajiri, mimi na shemeji yangu. Tumemkuta mtoto.

Misumari alitazama jeneza lake, akatazama pembeni.

—Mkono wake unaingia kwenye kiganja changu, alisema yule mwanamke. Wa miaka miwili, labda mitatu. Wale vijana wa koleo wakasema nimrudishe. Nikawauliza, nimrudishe Jumamosi limkanyage katapila? Nimemtoa, nitamzika mimi. Lakini siwezi kuondoka naye hivi hivi, hata jina lake silijui, kama mwizi wa watoto. Mama yake yupo mahali. Naye atafukua leo au kesho, atakuta mtu mwingine, atachanganyikiwa. Naomba uandike. Andika kwamba wa themanini na nane ninaye mimi, nyumba yangu ile nyuma ya kiwanda cha matofali, mlango wa bati. Akija mama yake aambiwe mtoto hakupotea, yuko kwangu.

Karani alijipapasa mifuko. Kalamu alikuwa nayo, karatasi hakuwa nayo. Misumari, bila neno, akamletea kipande cha ubao kilichopigwa randa. Karani akapiga goti, akauweka ubao kwenye paja, akaandika namba themanini na nane kwa mwandiko wake ule mzuri, ambao miezi minane ya kompyuta haikuuharibu. Akapiga mstari. Kisha kwa mazoea ya miaka ishirini na mbili, kichwa chini, kalamu ikingoja, akauliza:

—Jina la marehemu?

Mwanamke alimtazama.

—Si ndilo nililokuja kukuuliza wewe?